Unaicheka Vitz? Ndai Moja, Majina Kibao: Venye Toyota Iliibadilisha Kila Nchi, na Kwa Nini Ujue Kabla Utoe Doh

Wakenya wameipiga Vitz vijembe hadi vikaisha. Ati ni mkebe. Ati mkiwa watano mkifika mlima, mmoja lazima ashuke atembee. Ati ikipitwa na lori inasukumwa na upepo. Sawa, tumecheka.

Sasa skiza hii. Juni 2021, Safari Rally iliporudi kwa ubingwa wa dunia baada ya kukosa tangu 2002, gari lililoshinda pale Naivasha lilikuwa Toyota Yaris WRC ya Mfaransa Sébastien Ogier. Namba mbili? Yaris ingine, ya Mjapani Takamoto Katsuta. Na hiyo Yaris, ukiitoa mabawa, stika na vumbi, sura yake ni ya Vitz. Kizazi cha tatu, ile ile imepaki nje ya ploti yenu.

Usinielewe vibaya. Ile ya Ogier ilikuwa na injini ya 1600cc yenye turbo, nguvu ya farasi zaidi ya 380, na magurudumu yote manne yakivuta. Ile ya jirani yako ina farasi 69. Lakini hapo ndipo story iko. Toyota ilichora gari moja, halafu kila nchi ikaitisha yake. Zingine zikapewa dizeli, zingine haibridi, zingine mifuko ya hewa 9, zingine zikarefushwa, na moja Marekani ikaitwa Yaris na kumbe ni Demio.

Kwa hivyo ukiskia msee akisema "nauza Vitz ya 2015, safi kabisa," hajakwambia kitu bado. Hiyo ni jina tu. Na kaa unaenda kuchukua loan ya sacco ununue hiyo ndai uendeshe Uber ama Bolt, tofauti kati ya Vitz moja na ingine ni tofauti ya kulala na faida ama kulala na deni.

Jina lilitoka wapi?

Vitz ya kwanza ilitoka Japan Januari 1999. Toyota walilipata jina kutoka neno la Kijerumani, Witz, lenye maana ya werevu wa maneno. Neno hilo hilo pia linamaanisha utani. Kwa hivyo enyewe, Wakenya kuifanyia utani ni kutimiza unabii.

Nje ya Japan gari lile lile liliitwa Yaris, jina linalotokana na Charis, miungu ya urembo ya Wagiriki wa kale. Marekani wakaiuza kaa Echo. Ile ya buti iliyotokeza nyuma, Japan iliitwa Platz, na kaa ulikulia Nairobi umeiona sana. Watu wa Ulaya walibambika hadi Yaris ikapewa tuzo ya Gari la Mwaka Ulaya 2000.

Kizazi cha pili kikaja Februari 2005. Hii ndio ile ya mviringo, yenye mita katikati ya dashi, ilijaza Nairobi hadi ikawa kaa sare ya mtu wa gari la kwanza. Ndugu yake wa buti aliitwa Belta.

Halafu tarehe 22 Desemba 2010, Toyota Japan ikazindua kizazi cha tatu. Kwa makaratasi ya kiwanda kinaitwa XP130. Hicho ndicho tunaongelea leo.

Kizazi cha tatu kilibadilisha nini?

Kwanza, sura. Ile mviringo ya watoto ikaondolewa, ikaletwa mistari ya kukasirika. Mita ikatolewa katikati ya dashi ikarudishwa mbele ya dereva, mahali watu wengi walitaka ikae. Mbele wakaweka waipa moja kubwa badala ya mbili. Kaa umewahi shangaa kwa nini hii gari inapangusa kioo na mkono mmoja, sio ati ingine imeibiwa. Ilitoka kiwandani hivyo.

Pili, nafasi. Umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma uliongezwa kutoka milimita 2,460 hadi 2,510. Hiyo ni sentimita 5, na zikienda kwa magoti ya wale wamekaa nyuma, wanazihisi.

Lakini angalia upana: milimita 1,695. Kwa nini sio 1,700 ama 1,750? Hiyo sio bahati nasibu. Japan kuna sheria ya magari madogo: urefu usizidi mita 4.7, upana usizidi mita 1.7, urefu wa kwenda juu usizidi mita 2, na injini ya petroli isizidi 2000cc. Ukipita hapo popote, gari linapanda daraja. Kwa hivyo Toyota ilisimama milimita 5 kabla ya mstari.

Ndio maana watu watatu wazima wakikaa nyuma ya Vitz, wa katikati anakaa kaa sandwichi. Sio Toyota iliwachukia. Hilo gari lilipimwa na sheria za Japan na barabara nyembamba za mitaa ya huko, halikupimwa na familia ya watu sita wakienda shagz Desemba.

Japan: uchumi kwanza

Hii ndio Vitz tunayoijua zaidi, juu magari mengi yetu ya mtumba hutoka huko, na sababu kubwa ni usukani. Japan wanaendesha kushoto kaa sisi, na usukani uko kulia. Kenya hairuhusu kuingiza gari la kawaida lenye usukani kushoto.

Mjapani alipewa hizi:

Ya 1000cc, injini ya 1KR-FE, silinda 3, nguvu ya farasi 69. Hii ndio nyepesi, karibu kilo 970. Ikisimama kwa taa unaiskia ikitetemeka kidogo. Hiyo ni tabia ya silinda 3, sio lazima iwe imeharibika.

Ya 1300cc, injini ya 1NR-FE, silinda 4, farasi 95. Hii inatulia zaidi na inabeba watu bila kulia. Ilikuja pia na toleo la 4WD, juu sehemu za kaskazini mwa Japan huanguka theluji ya kufika kiunoni.

Ya 1500cc, injini ya 1NZ-FE, farasi 109. Hii ndio ilivaa beji ya RS kwa wale wa kuskia vizuri. RS ungeweza kuipata na gia ya mkono.

Aprili 2014 wakaipiga facelift. Sura ya mbele ikapata mdomo mpana kaa wa samaki, na ndani ya 1300cc wakaweka injini mpya, 1NR-FKE, farasi 99. Hii ilijengwa na kazi moja: kukula mafuta kidogo. Kwa karatasi ya Japan, ile yenye mfumo wa kuzima injini ikisimama ilipewa kilomita 25 kwa lita. Ya 1000cc yenye mfumo huo ilipewa 24.

Umeona hapo? Ya 1300cc inashinda ya 1000cc kwa mafuta. Wasee wengi mtaani bado wanabishana ati injini ndogo lazima ikule kidogo. Si lazima. Inategemea vile injini imejengwa, na pia venye inasukumwa. Injini ndogo ikibeba watu wanne kupanda mlima, unaikanyaga hadi chini, na ikikanyagwa hivyo inakunywa.

Halafu hizo 25 zenyewe zilipimwa maabara, gari likizungusha magurudumu juu ya rola, bila mashimo, bila matuta, bila mat imekukatia mbele pale Roysambu. Tuseme unazungusha kilomita 160 kwa siku. Ukiwa unapata 25 kwa lita, unatumia lita 6.4. Ukiwa unapata 16 kwa lita, unatumia lita 10. Huo ni utofauti wa lita 3.6 kila siku. Zidisha na bei ya petroli ya leo, halafu zidisha na siku 26 za kazi. Hiyo namba ndio unafaa uandike kwa hesabu ya biashara yako, sio ile broker amekusomea kwa simu.

Januari 2017 ikaja facelift ya mwisho, na nayo Vitz haibridi. Karatasi yake ilisoma kilomita 34.4 kwa lita. Lakini huko Ulaya walikuwa wameshaendesha hiyo haibridi miaka 5.

Ulaya: waliitisha dizeli, milango mitatu, na haibridi mapema

Yaris ya Ulaya ya kizazi hiki ilianza kuuzwa 2011, na ilijengwa Valenciennes, kaskazini mwa Ufaransa. Nje ni kaa Vitz. Ndani ni mambo tofauti.

Kwanza walikuwa na dizeli ya 1400cc, farasi 90. Japan hawakuwahi pewa hiyo. Ulaya wakati huo dizeli ilikuwa na ushuru rafiki kwa nchi nyingi, na msee wa kuendesha barabara ndefu aliipenda.

Pili, walikuwa na ya milango mitatu, yaani miwili ya kando na wa nyuma. Japan, Vitz ya kawaida ya kizazi hiki ilikuwa ya milango mitano tu. Na sasa unajua kwa nini ile ya Ogier haikuwa na milango ya nyuma: ilitokana na hii bodi ya Ulaya.

Tatu ndio tamu. Yaris haibridi ilianza kuuzwa Ulaya 2012. Injini ya 1500cc pamoja na mota ya stima, jumla kama farasi 100, betri ikiwa imefichwa chini ya kiti cha nyuma ili buti lisikuliwe. Kwa nini Japan ilingoja hadi 2017? Juu Japan tayari walikuwa na Aqua, iliyotoka Desemba 2011 na mtambo wa ukoo huo huo. Toyota haingewekelea ndugu wawili sokoni wapigane. Ulaya hakukuwa na Aqua, kwa hivyo Yaris ikabeba hiyo kazi.

Kwa hivyo ukiona jamaa anabishana ati Aqua na Vitz haibridi ni dunia mbili tofauti, mwambie apoe. Tumboni ni watu wa nyumba moja.

Ulaya pia ndio walipata Yaris GRMN ya 2018: 1800cc yenye supachaja, farasi 212. Zilitengezwa 400 pekee za Ulaya. Japan wakapewa 150 zenye jina la Vitz, na hata wao walipewa zile za milango mitatu. Ukikutana na moja Thika Road, usijaribu. Wacha ipite.

Marekani: usalama mwingi, gia za zamani

Marekani, Yaris ya kizazi hiki iliingia kaa modeli ya 2012. Waliachiwa injini moja: 1500cc, farasi 106. Hakuna 1000cc, juu barabara zao ni za kasi na gari la farasi 69 lingeshindwa kuingia kwa highway na heshima.

Walichopata ambacho wengine wangemezea mate ni mifuko ya hewa 9 kwa kila gari, hata ile ya bei ya chini kabisa. Japan, mifuko miwili ya mbele ndio ilikuwa ya kawaida. Ya kando na ya pazia la dirisha, kwa Vitz nyingi ulikuwa unaongeza pesa uwekewe. Sura moja, kizazi kimoja, lakini ukigongwa ubavuni unaweza kuwa na matokeo mawili tofauti.

Kwa gia, Mmarekani alipigwa. Wakati Mjapani anateleza na CVT, Yaris ya Marekani ilikuwa na otomatiki ya gia 4, ya kizazi cha nyuma. Faida yake ni moja: ni ngumu kuua.

Kuanzia 2013 Yaris za Marekani zikaanza kuletwa kutoka kile kiwanda cha Ufaransa. Miaka ya karibu hapo, yeni ya Japan ilikuwa imepanda sana na kutoa gari Japan kulikuwa ghali. Kwa hivyo kuna Mmarekani alinunua gari la Mjapani, lililojengwa na Mfaransa.

Halafu wakachoka kabisa. Yaris ya buti iliyotokeza waliyouziwa baadaye, iliyoanza kaa Scion iA, ilikuwa Mazda 2 iliyojengwa Mexico na kubandikwa beji. Mazda 2 ndio sisi tunaita Demio. Yaani ile vita ya Team Vitz na Team Demio imekuwa ikitusumbua hapa, Marekani iliisha juu yote ni gari moja.

Thailand na China: jina moja, gari lingine

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa wakigoogle spea. Oktoba 2013 Thailand ilizindua Yaris yake. Inaitwa Yaris, ina beji ya Yaris, lakini kodi yake ni XP150, sio XP130. Ni refu zaidi, milimita 4,115, wakati Vitz ya Japan ilianza na 3,885. Magurudumu yametenganishwa na milimita 2,550. Sura ya mbele ni ingine kabisa. Kwa ukoo iko karibu na Vios, ile saluni ya Asia ya Kusini Mashariki.

Na injini yake ni 1200cc, farasi 86. Kwa nini 1200? Serikali ya Thailand ilikuwa na mpango wa ushuru mdogo kwa magari ya kuhifadhi mafuta. Gari la petroli lilifaa liwe chini ya 1300cc na lisipitishe lita 5 kwa kilomita 100. Toyota ikachonga injini ya kuingia hapo kaa ufunguo.

China nao walipewa toleo la gari hilo hilo likiitwa Yaris L.

Unaona hiyo desturi? Japan sheria ya upana, Thailand sheria ya ushuru, Marekani barabara za kasi, Ulaya dizeli na hewa safi. Hakuna mahali mhandisi alikaa chini akajiuliza, "Je, na mtu wa Kayole?" Sisi tunachukua kile mwingine aliagiza. Ndio maana kazi ya kuuliza maswali ni yako.

Sasa soma kodi kaa mtu wa mtaa

Ukifungua bonneti ama uangalie ile bati ya kiwanda, na pia kwa logbook, utaona namba ya chasisi. Herufi za kwanza zinakuambia injini. Kariri hizi tano:

KSP130: 1000cc, silinda 3.
NSP130: 1300cc, silinda 4.
NSP135: 1300cc, 4WD.
NCP131: 1500cc.
NHP130: haibridi.

Ukiona inaishia 90, kaa KSP90 ama SCP90, hiyo ni kizazi cha pili. Na kaa badala ya kodi fupi unaona namba ndefu ya tarakimu 17 inayoanza na VNK, hiyo ilijengwa Ufaransa. Pengine ilipitia Uingereza, ambako usukani pia uko kulia.

Kwa nini ujali? Sababu ziko.

Moja, kazi. Ya 1000cc ni poa kwa mtu mmoja ama wawili wa mjini. Kaa unapanga kubeba abiria siku mzima, na watatu wako na masanduku wanaenda airport, 1300cc itakutesa kidogo zaidi. Usichague na bei ya kununua pekee.

Mbili, spea. Ukienda Grogan useme "nataka spea ya Vitz 2014," utapewa chochote kinachofanana. Ukienda na kodi na jina la injini, unaongea kaa mtu anajua. Kumbuka NSP130 ya kabla ya Aprili 2014 na ya baada ziko na injini tofauti, 1NR-FE na 1NR-FKE. Kodi ya mbele ni ile ile, kwa hivyo hapa angalia jina la injini pia.

Tatu, oili ya gia. Vitz nyingi za Japan za kizazi hiki ni CVT. CVT inataka oili yake ya CVT. Fundi akikuletea oili ya otomatiki ya kawaida akakuambia "hizi zote ni sawa," chukua funguo yako uende. Ukiwa unaitesti, endesha pole pole, panda mlima, uskie kaa inaguruma ama inasita sita. Gia ya CVT ikiisha, bei ya ingine itakufanya uanze kupenda matatu.

Nne, betri. Zile zenye mfumo wa kuzima injini kwa taa zinataka betri ya nguvu zaidi, na bei yake iko juu. Watu wengi hubonyeza ile kitufe ya kuzima huo mfumo wanaweka betri ya kawaida. Gari litatembea, lakini basi usingoje zile kilomita 25.

Tano, mifuko ya hewa. Angalia nguzo za kando ya milango na kingo za viti kaa kuna maandishi ya SRS AIRBAG. Ukiona kwa usukani na kwa dashi tu, ujue iko na miwili. Ukiwasha gari, taa ya mifuko ya hewa ifaa iwake halafu izime. Ikikataa kuwaka kabisa, kuna mtu alichomoa balbu ili usiulize maswali. Kuanzia 2015 baadhi ya Vitz zilipewa pia Toyota Safety Sense, inayokuonya na kusaidia kufunga breki. Ikiwa iko, kwa kioo cha mbele karibu na kile kioo cha kuangalia nyuma utaona kiboksi cha kamera na sensa. Fundi wa vioo akibadilisha hicho kioo bila kujua, mfumo unaweza kuharibika.

Sita, haibridi. NHP130 ni tamu kwa foleni, juu kwa mwendo wa konokono stima inafanya kazi nyingi. Lakini usinunue kabla ujue ni fundi gani ataipima betri yake kubwa. Mpeleke kabla ya kulipa, sio baada.

Na oili ya injini? Injini zote za petroli nimetaja hapo kwa zile kodi tano zinatumia cheni ya taimingi, sio mkanda. Cheni haibadilishwi kila mara, lakini inaishi kwa oili safi. Msee wa teksi anayeruka servisi mwezi huu ili alipe rent, anajikopesha pesa kwa riba ya injini nzima.

Mlango unafungwa

Kuna kitu ingine hakisemwi sana. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Na Vitz ya Japan iliisha Februari 2020, kizazi kipya kilipokuja na Toyota ikaamua hata Japan iitwe Yaris kaa kwingine.

Piga hesabu mwenyewe. 2027, zinazokubalika ni zilizosajiliwa kuanzia 2020. 2028, kuanzia 2021. Kaa hiyo sheria haitabadilika, kufikia 2028 hakuna Vitz ya Japan itashuka Mombasa tena. Jina lenyewe bado lipo, Afrika Kusini wanauziwa gari jipya linaitwa Vitz tangu 2023. Lakini hilo ni Suzuki Celerio ya kutoka India, imevalishwa beji. Unaona hii michezo haiishi?

Maana yake ni hii: Vitz za kesho ni zile tuko nazo leo. Zitauzwa kutoka kwa mwalimu kwenda kwa dereva wa Bolt, kutoka kwa dereva kwenda kwa mwanafunzi, kutoka Nairobi kwenda Kisii. Zile zilipewa oili ya gia inayofaa zitabaki, zile zilidanganywa zitaisha. Na bei ya zile safi haitashuka kwa urahisi, juu hakuna mpya za kuzishindanisha.

Kwa hivyo wacha wakucheke. Ukiwa kwa yadi, usiulize "ni ya mwaka gani" pekee. Uliza kodi, fungua bonneti, soma hiyo bati mwenyewe, piga picha, tuma kwa fundi wako kabla ya kutoa hata thao moja ya kushikilia gari. Muuzaji akikataa upige picha ya bati, amekujibu tayari. Rudi nyumbani na doh yako.